Mashine Wameiformata, Sauti Hakuna, Picha Imevutika: Tuanzie Wapi?

Wandugu, nianze na mardi moja jioni, juu hapo ndipo nilijifunza haya yote kwa nguvu. Jeudi saa nne ya asubuhi nilipaswa kuonekana kwa video mbele ya watu watatu waliokuwa wanatafuta agronome wa kufuata wakulima wa maharagwe kule Kabare. Tangu nipate licence nilikuwa nimetuma barua 14. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyojibiwa.

Mashine yangu ni okazyo, modeli ya mwaka 2012, niliiuziwa na mtu aliyekuwa anahamia Kampala. Ilikuwa imechoka: kuwaka dakika kumi, virusi vinazaana kama panya. Nikasema nisiende ku interview na kitu cha aibu, fundi aiformate kwanza. Dola 10. Saa nane nikaiacha kwake, saa kumi na moja nikaichukua, Windows mpya, inawaka haraka, nikafurahi njia yote mpaka nyumbani.

Nikaifungua mezani. Herufi kubwa kama za kitabu cha watoto wa maternelle. Kila kitu kimevutwa kwa upana, hata sura yangu ku picha ya collation ilikuwa imenenepa. Chini pembeni, kapicha ka spika kalikuwa na msalaba mwekundu. Wi-Fi haikuonekana kabisa, hata majina ya Wi-Fi za majirani hayakutokea. Nikampigia fundi.

— Ndugu, akasema, hapo karte ya son imekufa. Na ile ya video iko njiani. Uniletee dola 35 kesho, nitakutafutia ingine.

Nilikuwa na dola 12 na franga za kununua mega. Mama alikuwa amesikia yote, akauliza kutoka jikoni: "Sasa hiyo mashine uliipeleka kuponywa ao kuuawa?"

Niseme mara moja: hakuna karte iliyokufa. Saa sita ya siku ile ile spika zilikuwa zinaimba. Kitu kinachoimba saa sita na kunyamaza saa kumi na moja, na katikati hakuna lingine lililofanyika isipokuwa kubadilisha Windows, ushuku Windows kwanza. Sisi watu wa agro tunafundishwa kumuuliza mkulima "ulibadilisha nini?" kabla ya kutaja ugonjwa wa shamba. Jioni ile nilisahau somo langu lote, nikaanza kuhesabu nani anaweza kunikopesha dola 23.

Ndani ya mashine kuna vipande vingi: cha kutoa sauti, cha kuchora picha ku ekrani, cha Wi-Fi, cha kamera. Windows haijui yenyewe kusema na kila kimoja. Katikati inahitajika programu ndogo ambayo Kifaransa kinaiita pilote. Mafundi wengine wanasema draiva. Mimi nitaandika piloti, na hapa hakuna ndege yoyote.

Nikiwa stage kule Walungu, tulikuwa na msimamizi mmoja kutoka Kinshasa. Yeye Kifaransa na Lingala, mama wa shamba Mashi tu. Kijana mmoja wa pale alikuwa anatutafsiria. Siku moja malaria ilimlaza, hakuja. Msimamizi akabaki anaonyesha kwa mikono: shimo hivi, mbegu mbili, umbali hivi. Kazi ilienda kidogo, mistari ikapindika, na maneno ya mbolea hayakupita kabisa. Wale mama walikuwa wazima. Msimamizi alikuwa mzima. Aliyekosekana ni yule wa katikati.

Windows mpya isiyo na mapiloti inafanya kazi hivyo, kwa mikono. Kwa picha, Microsoft imeweka piloti moja ya msingi ambayo inaweza kuonyesha kitu ku karte karibu yoyote, ndiyo maana hauoni giza. Lakini haijui ukubwa wa kweli wa ekrani yako. Yangu ni 1366 kwa 768. Yenyewe iliweka 1024 kwa 768, kisha ikavuta. Haijui pia kutumia nguvu ya karte, kwa hiyo kazi yote ya kuchora inaangukia prosesa. Video zinarukaruka, mwangaza wa ekrani haupungui hata ubonyeze namna gani, na projecteur uliyoifunga kwa HDMI siku ya defense haitaona kitu. Anayefanya karte za udongo mu QGIS atalia zaidi ya wengine.

Kwa sauti nako kuna piloti ya jumla, na mara nyingi inatosha kiasi: spika zinasema, lakini tundu la ekutere ao mikro vinaweza kukataa. Kuna mashine ambako hata spika hazisemi. Za kwanza ni mashine mpya-mpya ambazo sauti yake inapitia teknolojia ya Intel inayoitwa Smart Sound. Hizo bila piloti yake ni kimya. Za pili ni zile zilizopewa Windows iliyopunguzwa. Hapo ndipo nilikuwa mimi. Mafundi wetu wengi wanapenda Windows ambayo mtu fulani ku intaneti ameikatakata ili iwe nyepesi: inaingia ku kle ndogo, inakimbia hata ku mashine ya giga 2 za memoire. Kati ya vitu vinavyokatwa ni ile ghala ya mapiloti ambayo Microsoft ilikuwa imeijaza. Simlaumu sana fundi, wateja wenyewe tunadai mashine ikimbie. Lakini ni sawa na kununua mbegu sokoni bila etiketi: inaota, kisha unashangaa.

Mercredi asubuhi nilimkuta kijana wa jirani yetu, anasoma informatique, ananiita grand hata kama tumepishana miaka mitatu tu. Nikamweleza habari ya karte kufa. Akacheka.

— Grand, uliangalia kwanza mu gestionnaire?

— Gestionnaire gani?

Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na kle iliyo na Ubuntu, ile Linux ya bure. Tukaizima mashine, tukaingiza kle, tukaiwasha huku anabonyeza F12 (ku mashine zingine ni F9 ao Esc), akachagua iwakie ku kle. Ubuntu inakuuliza kama unataka kuijaribu ao kuiinstale. Chagua kujaribu, haigusi diski yako. Kisha dakika chache picha ikatokea, laini, sawasawa, 1366 kwa 768. Akaenda mu sehemu ya sauti, akabonyeza jaribio la spika. Sauti ikatoka kushoto, kisha ikatoka kuume.

Karte iliyokufa haifufuki juu ya kle. Linux inabeba ndani yake mapiloti ya karte nyingi za Intel na za sauti za kawaida, ndiyo maana ilisema nazo bila kuomba kitu. Nakuomba ukumbuke jaribio hili kuliko yote yanayofuata, juu halina bei na linamaliza ubishi na fundi kabla dola haijatoka mfukoni. Kama ku Linux nako kimya, hapo sasa unaweza kuanza kufikiria waya wa spika, ama karte yenyewe.

Gestionnaire aliyokuwa anasema ni "Gestionnaire de périphériques". Bonyeza Windows na R pamoja, andika devmgmt.msc, kisha Entrée. Inafunguka ku Windows zote, ya 7 mpaka ya 11. Utaona orodha ya vipande vyote vya mashine. Vile visivyo na piloti vinakusanyika chini ya "Autres périphériques", kila kimoja na alama ya manjano. Vyangu vilikuwa saba! Na chini ya karte za picha, kulikuwa na jina la ile ya msingi ya Microsoft, wakati ilipaswa kuandikwa Intel.

Manjano peke yake haikuambii mengi. Jani la mahindi likiwa manjano, tunauliza: ni majani ya chini ya zamani, ao machipukizi ya juu? Kama ni ya chini, azoti inakosekana. Kama ni machanga ya juu, pengine chuma. Mwenye kumwaga urea bila kuangalia anapoteza franga. Hapa pia, bofya mara mbili juu ya kile kipande, utasoma kodi. Kodi 28 inasema piloti haikuwekwa kabisa, na hiyo ndiyo utakutana nayo zaidi kisha kuformata. Kodi 10 inasema kipande hakikuweza kuanza, mara nyingi piloti ipo lakini si yake. Kodi 52 inasema Windows haiamini sahihi ya piloti hiyo. Kama kipande hakionekani popote, hata kwa jina la "Périphérique inconnu", basi angalia mu BIOS kama hawakukizima. Na kama Linux nayo haikukiona, hapo fundi anaweza kuwa na haki. Mimi zote saba zilikuwa 28.

Sasa, mapiloti yako ku intaneti, na mashine haina Wi-Fi juu piloti ya Wi-Fi nayo haiko. Watu wengi wanakwama hapa, wanarudi kwa fundi. Kumbe dawa iko mfukoni: telefone ya Android, na waya wake wa USB. Funga telefone ku mashine, nenda mu "Paramètres" ya telefone, sehemu ya kugawa koneksyo, washa "Partage de connexion via USB". Windows inaichukua telefone kama karte ya rezo ya waya, na piloti ya hiyo inayo tayari. Kwangu, pamoja na kukatwakatwa kote, hiyo haikuwa imeguswa. Ukiwa na iPhone ni vigumu kidogo, yenyewe inahitaji programu ya Apple kwanza. Na kama unaogopa mega zako, pakua mapiloti ku cyber ao kwa rafiki, ubebe ku kle.

Angalia mega, kweli. Ukifungua koneksyo ku Windows mpya, itaanza kupakua mambo yake kwa njaa. Mu "Paramètres" ya rezo, washa "connexion limitée" kwanza. Yule mwenye koneksyo isiyohesabiwa anaweza kufanya kinyume: aache Windows Update itafute yenyewe, aangalie pia mises à jour facultatives, anywe chai nusu saa. Mara nyingi nusu ya manjano inaondoka bila yeye kufanya kitu. Lakini wangapi kati yetu wana koneksyo isiyohesabiwa?

Kosa langu kubwa nililifanya hapa. Niliandika mu Google maneno kama "piloti ya sauti bure", jibu la kwanza likawa programu inayosema itatafuta mapiloti yote kwa mbofyo mmoja. Nikaipakua. Ikatembea, ikapiga kelele kwamba mapiloti yangu 31 ni ya zamani (mashine ilikuwa na saa kumi na nane tangu iformatiwe!), kisha ikaniomba karte ya benki. Nikakataa. Tayari ilikuwa imeleta ndugu zake: moja ikabadilisha ukurasa wangu wa kwanza wa intaneti, ingine ikaanza kunionyesha matangazo. Mega zilienda, na saa mbili nikazipoteza kuzitoa moja moja. Yule kijana aliporudi jioni alitikisa kichwa tu.

— Grand, usimuulize mtu wa njiani. Kipande chenyewe kinajua jina lake.

Na kweli kinajua. Mu gestionnaire, bofya mara mbili juu ya kipande cha manjano, nenda ku "Détails", na mu "Propriété" chagua "Numéros d'identification du matériel". Utaona mstari mrefu unaofanana na matusi. Wa picha yangu ulianza hivi: PCI\VEN_8086&DEV_0166. Wa sauti: HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269.

Usiogope. VEN ni kiwanda, DEV ni kipande chenyewe. Ni kama jina la ukoo na jina la ubatizo. 8086 ni Intel. Walichagua namba ya prosesa yao maarufu ya mwaka 1978, na hiyo ndiyo namba rahisi zaidi kukumbuka. 10EC ni Realtek ya Taiwan, na karte za sauti nyingi sana ambazo utakutana nazo hapa kwetu ni zake. 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 14F1 ni Conexant. Kwa hiyo yangu: 8086 na 0166 ni Intel HD Graphics 4000, ile ya prosesa za kizazi cha tatu, 10EC na 0269 ni Realtek ALC269. Kwa dakika moja, kitu ambacho fundi alikiita karte imekufa kilikuwa na jina na ukoo.

Katika mstari huo huo kuna neno SUBSYS, ambalo linaonyesha nani aliunganisha mashine nzima. Ukiona ndani yake 103C, ni HP. 1028 ni Dell. 17AA ni Lenovo. 1025 ni Acer. 1043 ni Asus. Inasaidia wakati etiketi ya chini imefutika, ao mashine ilivalishwa kifuniko cha ingine, mambo ambayo ku okazyo zetu si ya ajabu.

Ukijua jina, nenda kwanza ku tovuti ya aliyetengeneza mashine, si ya aliyetengeneza kipande. Hasa kwa sauti. Realtek anauza kichipu kile kile kwa viwanda vingi, na kila kiwanda kinafunga spika, mikro na tundu la ekutere kwa namna yake. Ukichukua piloti ya Realtek iliyotayarishwa kwa mashine ingine, spika zinaweza kuimba na mikro ikabaki bubu. Ku tovuti hiyo wanakuomba modeli ao namba ya seri. Iko chini ya mashine, wakati mwingine chini ya batri. Kisha wanakuuliza Windows gani, na biti 32 ao 64. Usijibu kwa kubahatisha: bonyeza Windows na Pause, usome "Type du système". Mimi nilibahatisha, nikachukua piloti ya video ya biti 32, mega zaidi ya mia zikaenda, na ilipofika mwisho ikaniambia kwamba mfumo huu haufai. Ilikuwa saa nne ya usiku.

Hapo nilikuwa nimebaki na mega kidogo sana, na kwa mara ya kwanza niliona interview inaniponyoka. Kilichoniokoa ni ghala la Microsoft lenyewe, "Catalogue Microsoft Update", ku anwani catalog.update.microsoft.com. Ndani yake unaandika ile namba, PCI\VEN_8086&DEV_0166, inakuletea mapiloti ya kipande hicho tu, pamoja na uzito wa kila moja kabla haujapakua. Mtu wa mega chache, hapo ndipo pa kwenda. Faili inakuja na mkia wa .cab. Niliunda dosye C:\video, nikafungua ile Invite de commandes, nikaandika:

expand -F:* piloti.cab C:\video

Kisha mu gestionnaire, bofya kwa kuume juu ya kipande, "Mettre à jour le pilote", uchague kutafuta mu mashine yako, uonyeshe ile dosye, na ukubali iangalie hata dosye za ndani. Ekrani ikazimika. Niliacha kupumua. Kisha sekunde tatu ao nne ikawaka, herufi ndogo, safi, 1366 kwa 768.

Sauti ilifuata kwa njia ile ile, nikairestarte mashine, msalaba mwekundu ukaondoka. Nikaweka wimbo. Kimya! Karibu nilie. Mapiloti ya video ya Intel yanakuja pia na sauti ya HDMI, na Windows inaweza kuamua kwamba sauti yote iende huko, ku televizyo ambayo haiko. Bofya kapicha ka spika, angalia ni wapi sauti inatumwa, uchague spika za mashine. Ni jambo la mbofyo mmoja, lakini saa sita ya usiku nilichukua dakika arobaini kuliona. Mama alijua nimefaulu juu wimbo ulilipuka ghafla, akanigombeza.

Zilizobaki nilizimaliza asubuhi: Wi-Fi, kisha yale majina yasiyosema kitu kama "Contrôleur de bus SM", ambayo ni ya chipseti, yaani karte mama. Wenye kujua wanaweka chipseti kwanza, kisha video, kisha sauti. Mimi nilienda kinyume juu ya haraka na haikuleta shida, ila kama hauna interview kesho yake, fuata wao. Kamera haikuniomba chochote. Nyingi za ndani ya mashine zinasema lugha ya pamoja ya USB, Windows inaijua. Ekutere za USB nazo ni hivyo. Kumbe hata kama ningeshindwa usiku ule, ekutere za USB zenye mikro, za kukopa, zingenitosha kusikia na kusikiwa. Nilijua hilo baadaye.

Jeudi saa nne nilikuwa mbele ya kamera, shati nimepiga pasi, chini nimevaa kaptula. Walinisikia. Waliniuliza juu ya nafasi kati ya mistari ya maharagwe ya kutambaa, juu ya udongo wenye asidi, juu ya kufanya kazi na wakulima ambao hawasomi. Nafasi hiyo sikuipata, walichukua mwingine. Iliniuma siku kadhaa. Lakini nilikosa kama mtu aliyesikilizwa, si kama yule ambaye uso wake uliganda na mdomo wazi.

Kuna jambo ambalo lingefuta usiku ule wote, na linachukua dakika tano: kuhifadhi mapiloti kabla ya kuformata, wakati mashine bado inasema. Ku Windows 10 na 11, fungua Invite de commandes kama administrateur, ingiza kle ao diski ya nje (hapa tuseme ni D), unda ndani yake dosye uiite pilotes, kisha andika:

pnputil /export-driver * D:\pilotes

Ku Windows 8.1 utumie hii:

dism /online /export-driver /destination:D:\pilotes

Inakopi mapiloti yote ambayo hayakuletwa na Windows yenyewe, na hayo ndiyo yatakayokosekana. Mara nyingi dosye nzima inaingia ku kle ya giga 4. Kisha kuformata, kama Windows uliyoirudisha ni ya 10 ao 11:

pnputil /add-driver D:\pilotes\*.inf /subdirs /install

Ukae, usome majina yanapita. Sharti Windows mpya iwe ya biti sawa na ile ya zamani, na vizuri iwe ya kizazi kile kile. Kama ulishaformata, na fundi alirudishia Windows juu ya ingine bila kufuta diski, angalia mu C kama kuna dosye Windows.old. Mapiloti ya zamani yamelala mule, mu Windows\System32\DriverStore\FileRepository; onyesha gestionnaire njia hiyo. Fanya haraka, juu Windows inaifuta dosye hiyo yenyewe kisha siku chache.

Na mashine isipotoka nyumbani kabla haujakopi kazi zako. Fundi wangu aliformata hata sehemu ya D, ambako kulikuwa na picha za majaribio yangu ya misimu miwili ya maharagwe. Piloti inarudi. Zile picha hazikurudi.

Juma lililofuata nilipita kwa fundi, si kwa ugomvi. Nilimwonyesha zile namba, nikamwonyesha Intel na Realtek yake. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Mimi nilisoma électricité, hii hawakutufundisha." Kisha akavuta mashine ya mteja mwingine iliyokuwa pale mezani, msalaba mwekundu ku spika, mwanafunzi wa médecine alikuwa ameiacha asubuhi. Tukafungua gestionnaire pamoja. VEN_10EC tena.